Siku moja katika karakana yangu ya viatu, Kariokor, Nairobi

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kufungua karakana huwa nimekwisha kuangalia bei ya yuro, kwa kuwa mteja wangu wa Ujerumani hulipa kwa sarafu hiyo, ilhali mafundi, kodi na ngozi hulipiwa kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, nayo yuro ikashuka vivyo hivyo. Waagizaji walipata nafuu ya kweli, nami niliwafurahia, lakini kwa sisi tunaouza nje, oda ya bei ileile ilianza kuleta shilingi chache huku mishahara ikibaki palepale.

Saa 3. Mama anayewaongoza watungaji wa shanga ananionyesha ukanda wa sandali. "Hizi za bei rahisi punje zake hazilingani," ananiambia, "tazama mstari wa tatu unavyopinda." Shanga zilizo sawasawa, zile ambazo wengi hudhani ni za Kimaasai tangu mwanzo, hutoka Jamhuri ya Cheki. Kwa kuwa nanunua kwa mwagizaji wa jumla, bei yake tayari imebeba ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, ushuru wa maendeleo ya reli na gharama ya meli. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, gharama hiyo ilitufikia hata sisi tusio na kontena.

Saa 6. Makaratasi. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, unaziruhusu bidhaa zetu kuingia huko bila ushuru, lakini mteja asipopata uthibitisho wa uasili, yaani kwamba bidhaa zimetengenezwa Kenya, hutozwa kana kwamba mkataba haupo. Kiwanda kikubwa kina karani wa kazi hiyo. Hapa anayeifanya ni mimi, na saa hizo simshonei mtu kiatu.

Saa 9. Mzigo wa Kampala unaondoka. Katika Afrika Mashariki, shehena isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zilizoorodheshwa hutumia cheti chepesi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kwa maoni yangu, kila mkataba wa biashara ungepaswa kuanzia hapo.

Saa 12 jioni. Namwandikia mteja wa Ujerumani bei ya oda ijayo, nikiongeza sharti kwamba itadumu siku 30 tu, kisha tuitazame upya kulingana na yuro.