Nilivyopanga maneno ya "nimelipwa" kwenye mapishi yangu ya Kiswahili hapa Marekani

Naandika mapishi ya Kiswahili nikiwa Ohio, na wasomaji wangu wengi wanaishi humu humu Marekani: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi. Pamoja na mapishi napendekeza vyombo, kama blenda ya kusagia nazi, kikaango cha chapati au sufuria ya presha. Vingine nimenunua, vingine nimepewa bure, vingine nimelipwa kuvionyesha, na karibu kila chombo kina linki ya duka. Mtu akinunua kupitia hapo, napata kamisheni. Sheria ya hapa inataka msomaji alijue hilo kabla hajatoa pesa yake. Kuielewa sheria kulinichukua siku mbili. Kupata maneno ya Kiswahili yanayoitimiza kulinichukua miezi, kwa hiyo nayaweka hapa yote.

Anayesimamia ni Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Msingi ni kifungu cha 5 cha sheria ya Tume hiyo, kinachokataza kuwadanganya wanunuzi. Juu ya kifungu hicho kuna miongozo ya mapendekezo na ushuhuda katika matangazo. Oktoba 2009 miongozo hiyo iliandikwa upya ikawagusa wanablogu waziwazi, ikaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, kisha ikarekebishwa tena Juni 2023. Mwaka ule wa 2009 ulienea uvumi kwamba mwanablogu asiyetaja malipo atatozwa dola 11,000. Miongozo yenyewe haina faini. Inaeleza jinsi Tume inavyokisoma kifungu cha 5, na Tume ikitaka kumchukulia mtu hatua lazima ithibitishe udanganyifu.

Lakini usibweteke. Mwaka 2017 Tume ilifungua shauri dhidi ya vijana wawili wa YouTube waliosifia tovuti ya kamari ya mchezo wa kompyuta uitwao Counter-Strike bila kusema kwamba tovuti hiyo ni yao. Na Oktoba 2021 ilipeleka notisi kwa kampuni zaidi ya 700 kuhusu ushuhuda wa uongo na mapendekezo ya kificho. Kampuni iliyopata notisi hiyo ikirudia kosa inaweza kudaiwa zaidi ya dola 50,000 kwa kila kosa. Ndiyo maana mikataba ya siku hizi ina kurasa mbili tatu kuhusu kutaja malipo. Kampuni inajikinga, na wewe ukikosea itakutaja wewe.

Kinachotakiwa kutajwa ni uhusiano wowote ambao msomaji hautarajii na ambao, angeujua, angeyapima maneno yako kwa mizani nyingine. Pesa ndiyo ya kwanza kufikiriwa, lakini chombo cha bure kimo, punguzo limo, safari ya kulipiwa imo, undugu na mwenye duka umo, kazi ya shemeji yako kiwandani imo. Mwaka 2010 Tume ilichunguza duka la nguo la Ann Taylor kwa sababu lilialika wanablogu kuangalia nguo za kiangazi za LOFT, tawi lake, na kuwapa zawadi. Ilifunga uchunguzi bila adhabu, lakini barua yake ya kufunga inaonyesha wazi kwamba zawadi inahesabika. Kitu ulichonunua kwa pesa yako, bila linki ya kamisheni na bila kumjua mwenye duka, hakihitaji neno lolote.

Sasa lugha. Kijitabu cha Tume cha Novemba 2019 kwa wanaopendekeza bidhaa mitandaoni kinasema kauli ya malipo iwe katika lugha ile ile ya pendekezo. Miongozo ya 2023 inaongeza kwamba pendekezo likilenga kundi fulani, kwa mfano wazee, kauli itapimwa kwa macho ya kundi hilo. Mimi nilikuwa naandika mapishi kwa Kiswahili kuanzia juu mpaka chini, halafu naweka "#ad", kifupi cha Kiingereza cha tangazo la biashara, mwishoni. Mama wa miaka sitini aliyetoka Kigoma, anayesoma kwenye simu ya mjukuu wake, herufi hizo mbili hazimwambii kitu. Nikaanza kutafsiri, na hapo ndipo nilipokwama.

Jaribio la kwanza lilikuwa "kiungo chenye kamisheni". Nililiweka kwenye pilau. Mama mmoja akaniandikia: "Dada, hicho kiungo chenye kamisheni nakipata duka gani? Mimi natumia iliki na mdalasini tu." Alikuwa sahihi kabisa. Kwenye ukurasa wa mapishi, kiungo ni kitu cha kutia chunguni. Nilimjibu, "Samahani mama, ni makosa yangu, nilimaanisha linki ya duka," na siku ile ile nikafuta neno hilo kila mahali. Tangu hapo naandika "linki", neno ambalo kila mwenye WhatsApp analijua.

"Tangazo" peke yake halitoshi. Kwetu kuna tangazo la msiba, tangazo la harusi, tangazo la kikao cha jumuiya. Msomaji anaweza kuliona akadhani natangaza kwamba mapishi mapya yametoka. Nasema "tangazo la biashara", na hata hilo silitumii bila kueleza nimepewa nini.

"Kwa ushirikiano na" ni baya zaidi, kwa sababu linasikika kama watu wawili wamesaidiana kazi. Tume inakataa maneno ya aina hiyo hata kwa Kiingereza. "Balozi" linaleta sifa bila kutaja malipo. "Shukrani kwa kampuni fulani" nalo halisemi kitu. Unawashukuru kwa lipi? Ukisema "asante kwa kunipa bure", hapo umesema. "Imedhaminiwa na" linaeleweka kwa waliokulia kwenye redio za Tanzania na Kenya, lakini msikilizaji wa redio amezoea kwamba mdhamini analipia kipindi, hachagui maneno ya mtangazaji. Na "kamisheni" linawapita baadhi ya wasomaji wangu wa Kongo na Burundi, ambao mambo ya biashara wameyasoma kwa Kifaransa.

Nilichogundua ni kwamba kitenzi kinashinda nomino. Nimelipwa. Nimepewa. Duka linanilipa. Hakuna Mswahili wa Lubumbashi, Mombasa wala Bujumbura anayeshindwa kuelewa "nimelipwa". Kwa hiyo natumia kauli tatu tu.

Nikilipwa: "TANGAZO LA BIASHARA. Kampuni ya fulani imenilipa nionyeshe blenda hii."

Nikipewa chombo bila pesa: "Blenda hii nimepewa bure na kampuni ya fulani. Sikulipwa pesa."

Kwa linki: "Ukinunua kupitia linki hii, duka linanilipa."

Wengi huongeza "bei yako haibadiliki". Mimi naiweka pale tu nilipofungua duka lile lile bila linki yangu nikalinganisha bei. Walio kwenye mpango wa Amazon wana sentensi ya Kiingereza inayodaiwa na mkataba wao. Naiacha kama ilivyo, kisha naweka ya kwangu ya Kiswahili karibu na linki. Ile ya mkataba inatimiza mkataba. Msomaji anahitaji ya kwake.

Mahali pa kuiweka ndipo wengi wanapoharibu, hata wenye maneno mazuri. Miongozo ya 2023 inasema kwenye intaneti kauli isiwe ya kukwepeka. Ukurasa wa "Kuhusu mimi" hautoshi, mstari wa chini kabisa wa tovuti hautoshi, na neno "Maelezo" la kubonyeza ili usome ukurasa mwingine halitoshi. Kila andishi lijitegemee, kwa sababu watu hawaingii kwa mlango wa mbele; wanatafuta "mandazi ya nazi" kwenye Google wanaangukia katikati ya nyumba.

Naweka kauli mara mbili. Moja chini ya kichwa, kabla ya picha ya kwanza. Nyingine mstari mmoja juu ya linki yenyewe, kwa herufi za ukubwa ule ule wa mapishi na rangi ile ile. Wanaotengeneza mwonekano wa tovuti wanapenda kuifanya ya kijivu na ya mlalo, nakataa. Kisha nafanya kipimo changu: nachukua simu ya bei nafuu, natoka nje juani, nanyoosha mkono, nafungua ukurasa na kuupitisha kwa kidole gumba kwa kasi ya mtu anayetafuta orodha ya mahitaji tu. Kama kauli imenipita, naipandisha au naikuza.

Tatizo lililonisumbua ni kitufe cha "ruka uende kwenye mapishi". Kinamvusha msomaji juu ya kauli ya kwanza moja kwa moja hadi kwenye kadi ya mapishi, kile kisanduku chenye mahitaji na hatua za kupika, na kadi nayo ina linki za vyombo. Ilinibidi niiandike kauli ndani ya kadi, kwenye sehemu ya "Vyombo", mstari wa kwanza. Kagua kadi zako leo hii, maana tovuti nyingi za mapishi zina tundu hili.

Instagram ina lake. Kwenye simu maelezo ya picha hukatwa baada ya mistari michache, na mwaka 2017 Tume iliwaandikia watu maarufu na kampuni barua zaidi ya 90 ikikumbusha kwamba kauli ikae juu ya pale panapokatwa. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo "Nimelipwa na..." liwe neno la kwanza, kabla ya salamu. Usilizamishe kwenye rundo la alama za reli (#). Msomaji akiona reli kumi na mbili zimefuatana, haruki moja, anaruka zote. Kwenye stori naandika juu ya picha yenyewe, herufi nyeupe kwenye ukanda mweusi, na kila kipande cha stori kinachotaja chombo kinapata ukanda wake.

Video inataka sikio na jicho. Pendekezo likisemwa na kuonyeshwa, kauli nayo isemwe na ionyeshwe. Mwaka 2016 kampuni ya Warner Bros. ilifikia makubaliano na Tume kwa sababu waliolipwa kusifia mchezo wa kompyuta waliandika kauli kwenye maelezo chini ya video, mahali ambapo mtu haoni mpaka abonyeze. Mimi nasema kabla sijashika chombo: "Kampuni ya fulani imenilipa kwa video hii." Maandishi yanabaki kwenye skrini mpaka nimalize kuyasoma mara mbili polepole. Nikiwa laivu narudia kila baada ya dakika kumi hivi, kwa sababu watu huingia katikati. Kibandiko cha YouTube cha matangazo ya kulipiwa nakiwasha pia, lakini kinakaa kwenye kona kwa sekunde chache, na Tume yenyewe imeshaonya tusitegemee vifaa vya mitandao peke yake.

Kuhusu mikataba: kampuni moja iliwahi kunipa maelekezo niandike "#sp", kifupi cha Kiingereza cha "imedhaminiwa", mwisho wa maelezo. Sikugombana. Niliwatumia kauli yangu ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake ili mwanasheria wao aisome, nikaandika kwamba nitaiweka mstari wa kwanza, na kwamba bila hiyo sichapishi. Walikubali baada ya siku mbili. Tangu hapo naomba mambo matatu yaandikwe kabla sijasaini: kauli ni yangu na haihaririwi, nina haki ya kusema kasoro, na chombo nakitumia kabla ya kuandika. Hili la mwisho ni sheria pia. Huruhusiwi kueleza uzoefu wa kitu ambacho hukukigusa. Blenda naijaribu kwa nazi mbili zilizokunwa na vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu, dakika mbili, mara tano kwa siku tofauti. Moja ilitoa tui zuri siku tatu, siku ya nne ikaanza kunuka mota. Niliandika hivyo, na kauli ya "nimelipwa" ikabaki juu.

Afya siigusi. Chai ya kupunguza tumbo, unga wa kushusha sukari, mafuta ya presha: kutaja malipo hakuhalalishi dai lisilo na ushahidi wa kisayansi. Mwaka 2020 Tume iliishtaki Teami, kampuni ya chai, kwa madai ya kiafya na kwa matangazo ya watu maarufu ambayo kauli yake ilifichwa, na Novemba 2023 ikawaonya watu 12 wanaozungumzia afya mitandaoni, wakiwemo wataalamu wa lishe, na vyama viwili vya biashara kuhusu video za vinywaji vyenye utamu bandia na za sukari. Wasomaji wangu wengi wana wazazi wenye kisukari. Siwezi kupokea pesa hapo.

Kama uko Dar es Salaam au Nairobi na kampuni inakulipa uwafikie Waswahili wa Marekani, usidhani uko mbali. Tume imesema kwamba ikiwa inatarajiwa wazi kuwa maneno yako yatawafikia wanunuzi wa Marekani, sheria ya Marekani inahusika.

Jambo la mwisho nililorekebisha ni WhatsApp. Video zangu hukatwa vipande na kuzungushwa kwenye magrupu ya familia na ya misikiti na makanisa, bila maelezo ya chini na bila ile sentensi ya mwanzo. Kwa video za kulipwa sasa nachoma maneno "Nimelipwa na" pamoja na jina la kampuni ndani ya picha, upande wa juu kushoto, katika kila sehemu chombo kinapoonekana. Siweki chini, kwa sababu huko ndiko vitufe na maandishi ya mitandao hufunika. Kipande cha sekunde 20 kikifika kwa shangazi huko Texas, kinafika na maneno yake.