Kivuli kina wenyewe

Nimerudi saa saba mchana, miguu vumbi tupu, nimejilaza sakafuni na naandika kabla sijaoga maana nikioga ntalala. Leo ilikua Jumamosi ya tisa ya hadithi na michezo ya bure kwa watoto pale kiwanjani Kirumba, hapa Mwanza.

Tulivyoanza nlijua shida itakua hela, vitabu vya watoto, mikeka, mpira. Kumbe shida ilikua neno bure. Mwambie mtu wa Kirumba kitu fulani ni bure, atakuuliza unauza nini, au kuna uchaguzi gani unakuja. Mama mmoja anayeanika dagaa aliniambia kabisa, "mwanangu, bure za hivi mwisho wake michango." Watoto wao hawakua na maswali, walikaa tu.

Mwenyekiti wa mtaa alitupa ruhusa ila akasema wiki za giza tusiwashe spika kabla ya saa tatu, kuna watu wametoka ziwani alfajiri wamelala. Sikuelewa mpaka nikaanza kuhesabu waliokuja. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwahiyo mbalamwezi ikifika kina baba wanakua nyumbani na wanaleta watoto wenyewe, giza likirudi wanapotea wote. Mi nlikua napanga ratiba kwa kalenda ya ukutani, wenzangu wanaishi kwa mwezi wa juu!

Sasa kilichoniuma. Kiwanja kizima kina mwembe mmoja wa maana, kwingine ni mawe tu, na mawe ya Mwanza jua likishika unajua mwenyewe. Jumamosi ya kwanza tulitandika mikeka pale chini ya mwembe, vijana wa bodaboda wakasogeza pikipiki zao juani bila neno, na mimi nikajisemea jamani vijana wana heshima hawa. Wiki nane nzima naamini hivyo. Juzi nimepanda ya mmoja wao kwenda sokoni, tukiwa njiani akasema taratibu tu, "Sista, ile bure yenu tunailipa sisi. Abiria akikuta tumeunguzwa na jua anapita, na siti inakua ya moto hataki kukaa." Nilikosa la kusema. Pale ni kijiwe chao miaka yote, na mimi kwenye barua ya kuomba ruhusa niliandika eneo halitumiki.

Leo tumehama. Lile jiwe kubwa linatupa kivuli upande wa magharibi mpaka kama saa tano hivi, sio kirefu lakini kinatosha hadithi mbili na michezo. Boda wamerudi kwao, na cha ajabu wawili wakaja wenyewe na ubao wa drafti na visoda mfukoni, wakawafundisha watoto, mmoja kala kete za dogo wa darasa la nne bila huruma hata kidogo.

Nesi alikuja pia kuongea kuhusu kichocho. Akaeleza vizuri, vile vikonokono vya majini, vijidudu vinavyotoka humo vinapenya ngozi ukiwa umeingia majini, tumbo linauma, damu kwenye choo. Watoto kimya. Mama wa dagaa (ndio, huyo wa michango) akauliza, "sawa, na sufuria ntaoshea wapi?" Swali zuri kuliko yote ya leo. Nesi hakujifanya, akamwambia kama bomba hakuna basi chota mapema, acha yakae kwenye ndoo siku moja mpaka mbili ndio uoshee. Mama akasema ndoo anazo mbili tu. Hapo hatukua na jibu.

Korongo kachafua mkeka mmoja, nimeuloweka. Jumamosi ya mbele ni giza, kina baba hawapo, na turubai bado sijajua atanisaidia nani kulifunga kwenye jiwe. Labda wale wa drafti. Ntawauliza kesho, lakini nitawafuata pale pale kwenye mwembe wao.