Diski niliyokataa kumwachia fundi

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu kutoka Mwanza. Nyumba yao ilivuja, cheti chake cha kuzaliwa kikalowa mpaka hakisomeki, na akakumbuka kwamba zamani alikiskani kwangu, kwenye duka langu la kuchapa na kuskani hapa Dodoma, alipokuwa anaomba mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo. "Dada, unaweza ukawa bado nacho?" Nilimuuliza jina la mama yake, akanitajia, nikaenda kutafuta. Nilikipata. Nikamtumia ili namba zilizoandikwa pale zimsaidie kuomba kingine, na akashukuru mpaka nikaona aibu.

Hilo liliisha. Lakini limenirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika humu, la ile siku nilipobadilisha diski ya laptopu yangu ya kazi, ile sehemu inayotunza faili.

Ilikuwa Agosti 2018. Dodoma ilikuwa imetangazwa jiji Aprili mwaka huohuo, siku ya Muungano, na kila basi lilikuwa linashusha watu: watumishi wanaohamishiwa huku, mafundi ujenzi, vijana wenye bahasha za vyeti. Wanaofuatilia mikopo ya chuo nao hawakukauka. Mnaoishi huku mnaujua upepo wa Agosti. Asubuhi nilikuwa nawasha laptopu, nafagia, namwaga maji mbele ya duka kutuliza vumbi, nafuta printa, nikirudi bado kile kiduara kinazunguka. Mteja akileta flashi, tunaitazama wote wawili kimya. Foleni ilifika hadi kwa mama wa chipsi.

Kila mtu alinishauri ninunue mashine mpya. Hela ya mashine mpya sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, ile laptopu aliniachia kaka yangu alipomaliza chuo na bado ilikuwa nzima: kioo safi, kibodi inaandika herufi zote. Nikaipeleka kwa fundi mmoja maeneo ya Sabasaba, mzee wa makamo, Mgogo wa Kongwa, anayesalimia kila anayeingia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo ya watu wengi, hata kama umeingia peke yako.

Aliiwasha, akasubiri, akafungua lile dirisha linaloonyesha kompyuta inahangaika na nini. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa imepumzika. RAM, ile kumbukumbu ya muda, ilikuwa na nafasi. Diski ilikuwa imesimama kwenye asilimia 100 na haishuki.

"Mashine yako haijazeeka, dada," akasema. "Inasubirishwa."

Akanieleza kwamba mle ndani kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia juu yake kutafuta kila kitu kilipo. Ni sawa na duka la jumla lenye mtunza stoo mmoja: ukimtuma gunia moja, analeta upesi, ukimtuma vitu elfu vidogo vilivyotawanyika kona zote, siku nzima anatembea tu. SSD, ile diski ya aina mpya, haina sahani wala mkono. Hakuna kinachotembea. Aliniambia pia kwamba bei za SSD zimeshuka mwaka huo kuliko alivyowahi kuziona, nikatuma hela Kariakoo, mzigo ukaja na basi, nikaufuata stendi jioni.

Siku ya kazi nilikaa pale pale kibandani kwake, kwa sababu sikutaka kuiacha. Alitoa betri kwanza. Kisha akafungua mfuniko wa chini, na vumbi letu likawa pale, jekundu, limegandamana kwenye feni mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi. Akalitoa kwa brashi ya rangi. Diski ilikuwa imeshikwa na skrubu nne ndogo kiasi kwamba alizipanga juu ya selotepu iliyogeuzwa, zisipotee. Akaichomoa, akanipa niishike. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na bado ya moto. SSD nayo niliiweka kwenye kiganja kingine, nyepesi hata nikadhani kopo tupu. Ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ile ya zamani, ikawa inacheza kwenye nafasi yake, hivyo fundi akakata kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi lake lenyewe, akakichomeka chini, ikatulia.

Hakutaka kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani. Alisema uchafu wa miaka yote ungehamia nao. Akaweka Windows upya, akaweka programu ninazotumia, akazima, kisha akaniambia niwashe mwenyewe. Nilibonyeza, na kabla sijakaa sawa kwenye stuli, ukurasa wa kuanzia ulikuwa umeshafunguka na kishale kinanisubiri. Nilizima nikawasha tena. Nilitamani wateja wangu wote wangekuwepo pale waone.

Halafu akasema, kwa upole tu: "Hii ya zamani niachie, nikupunguzie elfu ishirini. Kuna watu wanazitafuta."

Elfu ishirini kwangu wakati ule ilikuwa rimu za karatasi. Nikaanza kusema sawa, kisha nikaikumbuka ile folda yenye jina WATEJA. Vyeti vya kuzaliwa. Vyeti vya vifo, kwa wale wanaoomba mkopo kama yatima. Namba za NIDA, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi. Majibu ya hospitali ya dada mmoja aliyetaka kuyatuma kwa barua pepe. Wosia wa mzee mmoja niliouchapa mara mbili, maana alirudi wiki iliyofuata kubadilisha nani apewe ng'ombe.

"Nitaifomati," fundi akasema, alivyoona nimenyamaza.

Nikamuuliza: ukishaifomati, mtu hawezi kuvirudisha?

Angeweza kunidanganya, na nisingejua. Badala yake alichukua diski nyingine kutoka kwenye rundo la mezani, akaiunganisha kwa waya wa USB. Folda ilikuwa tupu, nyeupe kabisa. "Hii imefomatiwa," akasema. Akafungua programu moja, akabonyeza, tukasubiri. Ikaanza kuleta majina ya faili, moja, kumi, yakawa yanashuka kama hayana mwisho. Akafungua moja. Bibi harusi. Akafungua nyingine, keki. Nyingine, watoto wawili wamevaa suti zinazofanana, mmoja amefumba macho. Nyingine, mama mtu mzima amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ukumbi, peke yake, amevua viatu, hajui kama anapigwa picha.

Kwenye ile picha fundi aliondoa mkono kwenye kipanya. Tulikaa tunaitazama, watu wawili ambao hatukualikwa. Sikujua ni harusi ya nani, ya mwaka gani, ya mji gani. Yeye pia hakujua. Alisema diski ilikuja kwenye furushi la vyuma chakavu. Kufuta, akaniambia, ni kama kutoa tu jina kwenye orodha. Kitu chenyewe kinabaki palepale mpaka kiandikwe kingine juu yake. Akachomoa waya. Sikuuliza tena kuhusu elfu ishirini, naye hakuitaja. Niliifunga diski yangu kwenye kipande cha kanga, nikalipa pesa kamili, nikaondoka.

Kazi ikaenda vizuri, tena vizuri sana. Foleni zikaisha. Laptopu ile ninayo mpaka leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, mimi tayari nilikuwa na desturi ya kufuta faili za wateja kila jioni.

Mwaka jana mama mmoja alirudi asubuhi analia: flashi yenye fomu za mwanawe ilidondoka kwenye daladala, na mimi nilikuwa nimeshafuta. Nilimkimbilia fundi yuleyule. Akaendesha ile programu yake kwenye SSD. Majina ya faili yalionekana, mengine hata jina la mtoto lilikuwa limeandikwa vizuri, lakini ukifungua ndani hakuna kitu. Alinieleza kwamba SSD, ukishafuta, kompyuta huiambia kwa amri iitwayo TRIM kwamba sehemu ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe. Hairudi. Yule mama ikabidi aanze upya, kwa mtendaji, kwa wakili, mihuri yote.

Fundi ananiambia diski ya zamani niitoboe kwa drili, iishe. Namuelewa, maana naye aliiona ile harusi. Nami nimeshaitoa kwenye kabati kwa nia hiyo zaidi ya mara moja. Kisha ananipigia mtu kama huyu wa Mwanza, na ile folda ndiyo kitu pekee duniani chenye alichopoteza. Je, nilikuwa na haki ya kukaa nacho miaka yote hii bila kumuuliza? Yeye ameshukuru. Dada wa majibu ya hospitali sijui angesema nini, na sina namba yake.

Siku hizi kabla mteja hajalipa namuuliza: nikutunzie au nifute? Wengi wanajibu "tunza tu, dada," huku wameshashika simu watoe hela, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naitunza mpaka lini.