Chai ya Baba ilivyonitoa jasho

Aliyeniambia "mpe maji, yasukume tonge" bado sijamsamehe, na ni shangazi yangu wa damu. Jirani naye akaongeza: mwinue kidevu, yateremke yenyewe. Nikafuata yote mawili. Baba, kiharusi kimemlegeza upande wa kulia na kumeza kumekuwa shida, akakohoa hadi machozi. Siku ya nne homa, kifua kinakoroma, tukarudi wodini: nimonia. Hela iliyokwenda humo sikuihesabu, laki mbili na ushee hivi.

"Dada, maji ndiyo yanayomponza," muuguzi wa zamu akaniambia. "Ni mepesi, yanakimbilia kooni kabla njia ya hewa haijafunga." Basi kila cha kunywa kiwe kizito, Baba akae wima, kidevu akiinamishe, na akishakula asilale kwa nusu saa.

Uji sawa, ila Baba bila chai si Baba. Nikaipika kwa unga wa muhogo mpaka ikawa inadondoka kijikoni taratibu kama asali. Akaonja, akanitazama. "Mwanangu, hii gundi." Akainywa.

Kioja kikawa hiki: kikombe kinaanza kizito, kikifika nusu kimekuwa maji, kikohozi kimerudi. Nikalaumu unga, nikabadili duka, nikaongeza vijiko hadi chai ikakaribia kuwa ugali. Wapi! Siku tatu nimenuna. Ndipo likanijia somo la darasani: mate huvunja wanga. Kumbe kijiko kilikuwa kinatoka mdomoni mwa Baba na kurudi kikombeni na mate yake! Nikatoa vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, nikawa namimina kidogo kidogo. Kikiisha, kikombe kingine na kijiko kingine. Kikohozi kikakoma. Nilijiona profesa.

Profesa huyohuyo asubuhi moja alikuta papai la jana limejificha kwenye shavu la kulia. Tangu hapo namlisha upande wa kushoto, nakagua mashavu, na mswaki haukosi. Sauti ikitoka kama ya mtu anayesukutua, nangoja ameze tena. Akisinzia, simlishi. Vidonge nilikuwa nataka kuvitwanga vyote. Mfamasia akanizuia, kimoja hakitwangwi.

Sikukuu ya Idi shangazi akaja na glasi ya juisi ya ukwaju, imejaa pomoni, ya kaka yake. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainywa yote mbele yake.