Hata jazi huru ina ada

Wiki hii nimewarudia wale jamaa wa Chicago, AACM, chama cha wanamuziki wa jazi huru (free jazz), na kwa kweli kinachonizunguka kichwani siyo saksafoni, ni mambo ya chama. Yaani ada, vikao, nani kaja nani hajaja. Mtu akisikia jazi huru anadhani ni watu wamekusanyika kila mmoja anapuliza lake basi, kumbe mwaka 1965 kule South Side, upande wa kusini wa Chicago, walianza na kikao, akina Muhal Richard Abrams, Phil Cohran, Jodie Christian na Steve McCall, wakabishana kuhusu kanuni utadhani chama cha kufa na kuzikana.

Kanuni iliyonikamata ni hii, kwenye shoo za chama unapiga vitu vya kutunga wenyewe tu. Siyo jambo dogo hilo. Klabu zilitaka nyimbo ambazo wateja wanazijua, na klabu zenyewe zilikuwa zinafungwa moja moja, sasa wao wakaona bora tutafute kumbi wenyewe, tiketi tuuze wenyewe, na ukija njoo na chako. Hebu fikiria mpiga tarumbeta aliyezoea kupiga vya watu, ghafla inabidi akae chini aandike! Ndo maana hawafanani kabisa. Sikiliza albamu ya Sound ya Roscoe Mitchell, mwanachama wao, ya 1966, kuna sehemu wanaacha kimya kirefu hadi unadhani imekata, halafu inaingia kengele, filimbi, Lester Bowie anaweka tarumbeta pembeni anashika harmonika, vidude ambavyo kwenye bendi ya dansi ungefukuzwa navyo.

New York walijaribu kabla yao. Bill Dixon alianzisha chama cha Jazz Composers Guild 1964, ndani yumo Cecil Taylor, Sun Ra, Archie Shepp, vipaji vya kutisha, lakini mwaka uliofuata ikavunjika. Mi naona tofauti ni shule. AACM walifungua yao 1967, vijana wa mtaani wanafundishwa bure Jumamosi, na mtoto wa jana ndo mwanachama wa kesho, hivyo hata Roscoe na Lester na wenzao walipohamia Paris 1969 na bendi yao ya Art Ensemble (Lester kwenye koti jeupe kama mtu wa maabara, wengine nyuso zimepakwa rangi) nyumbani hakukubaki mahame. Henry Threadgill, mtu wa chama hichohicho, akaja kupata Pulitzer, ile tuzo kubwa ya Marekani, 2016 kwa muziki wake.

Sisemi walipendana muda wote, wapi. Watu wenye masikio makali namna ile mkiwaweka chumba kimoja mpige kura, we acha tu. Cohran mwenyewe, mwanzilishi, hakukaa sana, alikuwa na mwelekeo wake, akaenda kufungua ukumbi wake, Affro-Arts Theater, na wenzake wakaendelea na vikao.