Naomba kuhamia Yale nikiwa Mtwara

Ninaandaa maombi ya kuhamia Chuo Kikuu cha Yale, kule New Haven, Marekani. Naandika sasa kabla jibu halijajulikana, kwa sababu habari nyingi nilizozipata zinawahusu wanaotoka kidato cha sita. Sisi ambao tayari tuko chuoni mambo yetu ni mengine.

Yale wenyewe wanasema hupata maombi ya uhamisho zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na nafasi ni kati ya 20 na 30. Mwisho wa kutuma ni tarehe 1 Machi. Ukipokelewa unaingia mwaka wa pili au wa tatu, na lazima usome pale si chini ya miaka miwili. Digrii yao ni ya miaka minne, yetu ya ualimu ni mitatu. Kwa hiyo wenzangu wa Hisabati na Jiografia hapa Mtwara watakuwa wameshaanza kufundisha, mimi bado niko darasani. Hilo nimelipima na nimeridhika nalo. Ninachokitaka ni takwimu na sayansi ya data, na hapa nimekipata kwa kozi chache tu.

Vyeti vya sekondari vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, vinatakiwa, lakini uzito uko kwenye chuo ulichopo leo: matokeo ya mihula, fomu inayojazwa na ofisi ya chuo, na barua mbili za wahadhiri waliokufundisha. Hizo barua ndiyo kazi yenyewe. Darasa letu limejaa mpaka wengine wanasimama madirishani, mhadhiri atakujuaje? Nilimfuata mwalimu wangu wa takwimu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Alama zako ni nzuri, ila alama wataziona wenyewe kwenye matokeo. Mimi niwaambie nini ambacho hawakioni?"

Nikamwomba muda, nikarudi na daftari la mjomba. Mjomba na mama wana mikorosho Tandahimba, na mjomba ni mtu wa kuandika. Tarehe aliyopuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, mifuko aliyotumia, kilo zilizopimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yote yamo kwa kalamu ya bluu, msimu hadi msimu. Nilikuwa nimeyaingiza kwenye kompyuta nione kama kuchelewa kupuliza kunapunguza mavuno.

Mwalimu akavuta kiti, akafunua kurasa taratibu. "Miti mingapi haikupulizwa kabisa?"

"Hakuna, mwalimu. Yote ilipulizwa."

"Sasa utalinganisha na nini?"

Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Tangu hapo ananipa vitu vya kusoma, nami narudi kwake na maswali. Barua yake sasa ina cha kusema. Kwa maoni yangu, anayetaka kuhama amzoee mwalimu mmoja mapema namna hiyo, maana barua ya mtu asiyekujua haikusaidii.

Kuhusu hela, Yale haiangalii uwezo wako wa kulipa inapoamua, hata kama wewe ni mgeni kutoka nje ya Marekani, na ukipokelewa inaziba pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa. Ila lazima ulithibitishe hilo pengo, na fomu wanayoitumia, CSS Profile, inauliza kipato cha mzazi kwa namna inayomfaa mwenye mshahara. Mama hana mshahara. Korosho zinaingia mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani unaziweka ghalani na kupewa risiti mpaka ziuzwe, kuanzia Oktoba, hela inaingia benki kwa awamu, halafu ufuta kidogo, basi. Tulitandaza karatasi zake zote kwenye mkeka: za AMCOS, za benki, za madeni ya pembejeo. Mama alikuwa akiyataja makato moja moja, mimi naandika. Uzuri ni kwamba unaruhusiwa kujaza kwa shilingi. Nimeambatisha maelezo kwamba bei ya mnada hupanda na kushuka, kwa hiyo mwaka mmoja hausemi kweli yote. Ada ya maombi ni dola 80, nayo unaweza kuomba usamehewe humo humo kwenye fomu ya maombi.

Imebaki insha ya kwa nini nataka kuhama. Rafiki yangu alinishauri nieleze shida za chuo chetu. Sikukubali. Chuo hiki ndicho kilichonipa mwalimu aliyeniuliza lile swali, na swali lenyewe ndilo ninaloliandikia insha.

Mjomba amekubali kuacha mistari miwili ya mikorosho bila salfa msimu huu. Mama hajapenda, na ana haki, kwa sababu mavuno yatakayopotea ni yake pia. Tumekubaliana nitamsaidia palizi nikiwa likizo. Upulizaji ukianza mwezi wa sita nitakuwa Tandahimba kuihesabu hiyo miti, Yale wawe wamenikubali au wamenikataa.