Makamasi yako meupe au ya njano?

Swali hilo nimelitafsiri kuliko hata bei za vitenge. Mimi ni mkalimani hapa Guangzhou, na kila maonyesho ya biashara ya Canton yakifika, Aprili na Oktoba, hakosi mfanyabiashara wa Kariakoo wa kunivuta mkono twende duka la dawa. Yeye anataka dawa ya mafua, basi. Muuzaji naye anaanza: unasikia baridi au joto? Jasho linatoka? Koo je? Hebu toa ulimi.

"Dada, mwambie anipe dawa, ulimi wa nini?"

Ulimi una kazi. Kwa tiba ya Kichina, mtu anayetetemeka, hatoki jasho, makamasi kama maji na ulimi wenye utando mweupe, ameingiwa na upepo baridi. Huyo atapewa tangawizi ya moto na sukari guru, ajifunike mpaka atoke jasho. Koo likiwaka, kiu ikizidi, makamasi yakawa mazito ya njano na ncha ya ulimi ikawa nyekundu, huo ni upepo joto. Tangawizi anakatazwa, anapewa yinqiao, dawa ya mitishamba yenye maua ya jinyinhua.

Wateja wangu husema, "Kumbe! Baridi ni mafua, joto ni influenza." Hapana. Daktari wa hospitali anatafuta kirusi: mafua huja taratibu na kukaa puani, influenza hukuangusha ghafla kwa homa na maumivu ya mwili mzima. Anachokonoa pua kwa kijiti, na oseltamivir, dawa ya influenza, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Mgonjwa huyohuyo wa influenza, tabibu wa Kichina anaweza kumweka upande wowote, maana yeye anasoma mwili ulivyopokea. Rangi ya makamasi haikuambii ni kirusi gani.

Kinachonikera ni pakiti. Ganmaoling, dawa ya mafua ya Kichina, inaonekana mitishamba mitupu, kumbe ina parasetamo ndani. Mtu anaikoroga, halafu anameza Panadol alizotoka nazo nyumbani, nazo ni parasetamo ileile. Ini lake ndilo linalobeba.

Na aliyetua juzi kutoka Dar akishikwa na homa na kutetemeka, duka la dawa simpeleki kabisa. Twende hospitali, na neno la kwanza ninalomwambia daktari ni ametoka wapi. China ilithibitishwa kutokuwa na malaria mwaka 2021. Usipotaja Tanzania, kipimo cha malaria huenda kisimjie daktari akilini.